Kihoro na Jitimai: Jinsi Ugonjwa wa Huzuni Ulivyokataliwa na Kutambuliwa Katika Hospitali za Afrika (1910-2016)

0. Utangulizi

Kwa muda wa miaka mingi, hasa kati ya 1930 na 1960, madaktari wa kikoloni waliohudumia nyumba za vichaa barani Afrika walielekea kukubaliana juu ya jambo moja: kwamba Mwafrika hupatwa na wazimu kama watu wengine, lakini hapatwi na ugonjwa wa huzuni, na kwamba akipatwa nao ni kwa nadra sana. Ugonjwa unaokusudiwa hapa si majonzi ya kawaida ya mtu aliyefiwa au aliyepoteza mali yake. Ni ile hali ambayo waandishi wa leo huiita sonona, na wengine unyogovu: moyo kuwa mzito kwa majuma mfululizo, raha ya maisha kutoweka, usingizi kukatika, chakula kukosa ladha, mwili kulegea, mtu kujilaumu bila kiasi na hata kutamani kufa.

Kauli hiyo haina tena nafasi katika elimu ya utabibu. Sonona inahesabiwa miongoni mwa maradhi ya akili yaliyo ya kawaida kabisa duniani, pamoja na wasiwasi wa kiugonjwa na madhara ya ulevi, na Afrika haimo nje ya hesabu hiyo. Basi swali la mwanahistoria ni hili: ugonjwa uliokuwamo vijijini na mijini siku zote uliwezaje kutoonekana na watu waliopewa kazi ya kuutafuta? Na nini kilibadilika hata ukaonekana? Makala haya yanalifuata swali hilo kuanzia Nairobi, ambako kauli ile iliandikwa kwa mkazo mkubwa, kupitia Nigeria, Ghana na Uganda ambako ilivunjwa, hadi Kivu na Harare ambako matibabu mapya yalijaribiwa. Jibu linalotetewa ni kwamba kosa halikuwa la upungufu wa dawa wala wa vyombo. Lilikuwa kosa la mahali pa kutazamia na la lugha ya kuulizia.

1. Nyumba ya vichaa na mlango wake

Mwaka 1910 serikali ya kikoloni ya Uingereza ilifungua mjini Nairobi nyumba ya vichaa, katika majengo yaliyokuwa yakitumiwa kuwatenga wagonjwa wa ndui. Mwaka 1924 nyumba hiyo ikapewa jina la Mathari, ambalo limedumu. Haikuwa ya kwanza katika eneo hilo. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisioni wa Kijerumani waliokuwa wameanzisha mwaka 1896 makao ya watoto waliokombolewa utumwani waliyageuza makao hayo kuwa ya wagonjwa wa akili mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1927 Waingereza walifungua hospitali ya Mirembe huko Dodoma.

Nyumba hizo zote zilikuwa na sifa moja: aghalabu mgonjwa hakuziendea kwa miguu yake mwenyewe kwa sababu anajisikia vibaya. Aliletwa. Aliletwa na polisi, na chifu, na mwajiri, au kwa amri ya hakimu, kwa sababu alikuwa amevunja amani: amechoma nyumba, amempiga mtu, amevua nguo sokoni, au amezurura barabarani akipiga kelele. Sheria za vichaa ziliandikwa ili kuilinda jamii na mtu wa hatari, na wakati mwingine kumlinda mtu huyo na nafsi yake. Hazikuandikwa ili kumtafuta mwenye kuugua kimya.

Kutokana na hali hiyo, mlango wa nyumba ya vichaa ulikuwa kama kichujio. Uliwapitisha wenye fujo na kuwaacha nje wenye kunyamaza. Mwanamke aliyeketi gizani nyumbani mwake kwa miezi mitatu, asiyepika wala kulima, asiyejibu salamu, hakumsumbua afisa yeyote wa serikali. Pengine alipelekwa kwa mganga wa jadi, pengine alirudishwa kwa wazazi wake, pengine alijinyonga na kuzikwa kwa haraka na kwa aibu. Kwa vyovyote vile, jina lake halikuingia katika daftari la Mathari.

Ni vema kuikumbuka hali hii kabla ya kuzisoma takwimu za wakati ule, kwa maana takwimu hizo zilihesabu walioletwa, kisha zikasomwa kana kwamba zimehesabu waliougua.

2. Nadharia ya Carothers

Daktari John Colin Carothers alikabidhiwa uongozi wa Mathari mwaka 1938. Alikuwa ameitumikia Kenya kama daktari wa wilaya tangu 1929, na alipoanza kazi hiyo mpya hakuwa na mafunzo maalumu ya magonjwa ya akili. Alikaa Mathari hadi 1950. Mwaka 1947 alichapisha katika jarida la Uingereza uchunguzi mrefu juu ya wagonjwa Waafrika waliopokewa hospitalini humo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likatoa kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika katika uzima na ugonjwa. Tafsiri yake ya Kifaransa ilitoka mwaka 1954, na hivyo nadharia zake zikaenea hata katika makoloni ya Ufaransa na Ubelgiji.

Carothers alikuta wagonjwa wachache sana wa sonona katika daftari lake. Angeweza kusema kwamba wagonjwa hao hawakuletwa kwake. Badala yake alijenga hoja juu ya tabia ya Mwafrika. Alidai kwamba Mwafrika hana hisia ya wajibu wa binafsi. Kwamba apatwapo na balaa hulitupa lawama nje, kwa mchawi au kwa mzimu. Na kwamba asiyejilaumu hawezi kupatwa na ugonjwa ambao kiini chake ni kujilaumu. Mwaka 1951 aliongeza hoja nyingine, akamlinganisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukatwa nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo.

Liko jambo moja katika takwimu zake ambalo lingeweza kumfungua macho. Aliona kwamba watu walioishi mbali na makwao, katika kazi za ujira, waliletwa hospitalini kwa wingi kuliko waliobaki vijijini. Yeye aliona humo madhara ya mtu kuacha mila za kabila lake. Lakini maelezo mengine yalikuwa karibu zaidi: mfanyakazi wa mjini huishi mbele ya macho ya polisi na mwajiri, na hana ndugu wa kumficha wala wa kumuuguza. Kilichotofautiana huenda hakikuwa ugonjwa bali uwezekano wa kukamatwa.

Nadharia hiyo haikubaki katika majarida ya utabibu. Mwaka 1954, wakati wa vita vya Mau Mau, serikali ya Kenya ilimwomba Carothers aeleze saikolojia ya uasi huo, naye akaandika ripoti iliyouchukulia kuwa kwa sehemu kubwa ni matokeo ya akili iliyotatizwa na mabadiliko ya maisha. Malalamiko ya ardhi na utawala yakageuzwa kuwa dalili. Frantz Fanon, aliyekuwa daktari wa magonjwa ya akili katika hospitali ya Blida, Algeria, kuanzia 1953 hadi 1956, aliishambulia nadharia hiyo kwa ukali katika kitabu chake cha mwisho kilichotoka mwaka 1961, akionyesha kwamba madaktari wa Algiers nao walikuwa wamefundisha maneno yanayofanana na hayo kuhusu Waarabu na Waberberi. Hivyo basi, kumnyima mtu uwezo wa kuhuzunika kulikuwa sawa na kumnyima dhamiri, na asiye na dhamiri hawezi kudai haki.

3. Ushahidi wa lugha

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, kauli ya Carothers ina udhaifu mwingine ambao haukuhitaji hospitali ili kuonekana. Mwaka 1939, yaani miaka minane kabla ya uchunguzi wake wa kwanza kutoka, Kamati ya Lugha iliyoziunganisha Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ilikuwa imechapisha kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyosimamiwa na Frederick Johnson. Aliyeifungua kamusi hiyo angeikuta huzuni, na kando yake majonzi, simanzi, jitimai na kihoro. Angekuta pia vitenzi vya kusonona na kusononeka.

Maneno hayo hayana maana moja. Huzuni ni neno pana linaloweza kutumika kwa jambo dogo na kubwa. Majonzi na simanzi huandamana zaidi na msiba. Kihoro ni uchungu wa kupotewa na mtu au kitu cha thamani, uchungu unaoweza kumkondesha mtu. Jitimai ni huzuni iliyozidi kiasi, inayomwinamisha mtu na kumwondolea uchangamfu. Kusononeka ni kuumia ndani kwa ndani, pasipo jeraha la kuonekana. Lugha hutofautisha mambo ambayo wasemaji wake wana haja ya kuyatofautisha. Watu wasiojua huzuni nzito wasingetunga na kuhifadhi ngazi nzima ya maneno ya kuipimia.

Si haki, hata hivyo, kudai kwamba Kiswahili kilikuwa na jina tayari la sonona kama inavyoelezwa na madaktari wa leo. Neno wazimu, ambalo wengi hulihusisha na mzimu, lilitaja hali ya aliyerukwa na akili. Kichaa nalo ni la mwenye vituko. Mtu mwenye jitimai hakuitwa mwendawazimu, na kwa hiyo hakuwa mtu wa kupelekwa kwenye nyumba ya vichaa. Msemaji wa Kiswahili alikigawa kile ambacho daktari alitaka kukiweka katika fungu moja. Daktari aliyeuliza habari za wazimu alijibiwa habari za wazimu. Angeuliza habari za moyo angejibiwa mengine.

Kwa msomaji wa Lubumbashi lipo jambo la ajabu zaidi. Joseph Guislain (1797-1860), daktari wa Gent ambaye jina lake limepewa kituo cha magonjwa ya akili cha Lubumbashi kinachoongozwa na Mabradha wa Upendo, alifundisha katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 kwamba chanzo cha maradhi mengi ya akili ni maumivu ya moyo: kwamba kabla ya wazimu hutangulia uchungu. Kwa mujibu wa elimu hiyo ya Ubelgiji yenyewe, daktari aliyekutana na kichaa alipaswa kwanza kuuliza ni huzuni gani iliyomtangulia. Karne moja baadaye, madaktari wa makoloni walisema mbele ya wagonjwa Waafrika kwamba huzuni hiyo haimo.

4. Kutoka hospitali hadi kijiji

Kauli ile ilianza kuvunjika pale watafiti walipouacha mlango wa nyumba ya vichaa na kwenda waliko watu. Margaret Field, aliyekuwa amefanya kazi ya elimu ya mila katika Gold Coast kabla ya kusomea udaktari, alirudi huko katika miaka ya 1950 na kuketi kwenye mahekalu ya waganga katika nchi ya Waashanti. Kitabu chake kilitoka mwaka 1960, wakati nchi ilikwisha kuitwa Ghana. Alieleza kwamba sonona ilikuwa ugonjwa wa akili wa kawaida kupita yote miongoni mwa wanawake wa vijijini aliowaona. Wengi wao walifika hekaluni wakijishitaki wenyewe kuwa ni wachawi: kwamba wamewaua watoto wao, wameziharibu mali za ndugu zao, hawastahili kuishi.

Ushahidi huo uliipindua hoja ya Carothers katika kiini chake. Yeye alidhani kwamba imani ya uchawi humwondolea mtu lawama kwa kuitupa nje. Field aliona kwamba imani ileile yaweza kuwa lugha ya kujilaumu iliyo kali kuliko zote. Mwanamke yule hakukosa hisia ya hatia. Alikuwa nayo kupita kiasi, ila aliitamka kwa maneno ambayo daktari wa hospitali hakuzoea kuyasikiliza.

Kule Nigeria, Thomas Adeoye Lambo alianzisha mwaka 1954 huko Aro, karibu na Abeokuta, utaratibu wa kuwalaza wagonjwa katika nyumba za wanakijiji, kila mmoja akiwa na ndugu yake wa kumtunza, huku wakija hospitalini kwa matibabu ya mchana. Mwaka 1961 aliwakaribisha Abeokuta wataalamu wa magonjwa ya akili kutoka pande nyingi za Afrika katika mkutano wao wa kwanza. Katika miaka hiyohiyo alishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliowahoji Wayoruba wa vijijini na mjini. Matokeo, yaliyotolewa mwaka 1963, yalionyesha kwamba dalili za sonona zilikuwa nyingi, ingawa wenyeji hawakuwa na jina moja la kuzikusanya. Walipoulizwa dalili mojamoja walizitambua bila shida.

Uthibitisho wa nguvu kwa Afrika ya Mashariki ulitoka Uganda. John Orley, aliyekuwa amechunguza fikra za Waganda juu ya maradhi ya akili, alishirikiana na John Wing wa London kuwahoji watu wazima wa vijiji viwili kwa mahojiano yaleyale yaliyotumika katika mtaa wa Camberwell, London. Matokeo yalichapishwa mwaka 1979: sonona ilionekana zaidi katika vijiji vya Uganda kuliko miongoni mwa wanawake wa Camberwell. Katika muda wa kizazi kimoja, ugonjwa uliosemekana haumo ulikuwa umekutwa kwa wingi kuliko Ulaya.

Je, ugonjwa wenyewe ulikuwa umeongezeka? Raymond Prince, daktari wa Kanada aliyewahi kufanya kazi Nigeria, aliliuliza swali hilo mwaka 1968. Aliona kwamba badiliko la ripoti lilitokea kwa ghafula mno, karibu na mwaka 1957, wakati nchi za Afrika zilipoanza kujipatia uhuru. Miili na mioyo ya watu haibadiliki kwa kasi ya namna hiyo. Kilichobadilika zaidi ni macho ya watazamaji: mahali walipotazama, mafunzo waliyopata, na heshima waliyokuwa tayari kumpa mgonjwa.

5. Malalamiko ya mwili

Lilibaki tatizo moja. Ikiwa wagonjwa ni wengi, na hawaendi kwenye hospitali za vichaa, wanakwenda wapi? Jibu lilipatikana katika vituo vya kawaida vya afya. Mwaka 1979 David Ndetei na mwenzake walieleza uchunguzi wao katika kliniki moja ya mashambani nchini Kenya: karibu mgonjwa mmoja kati ya watano waliofika kwa matibabu ya kawaida alikuwa na ugonjwa wa akili. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Kolombia, India, Sudan na Ufilipino. Kati ya wagonjwa 1,624 waliopimwa katika vituo vya afya, 225 walikuwa na maradhi ya akili, yaani asilimia 13.9. Wengi wao hawakuja kulalamikia moyo wala akili. Walikuja kwa sababu ya kichwa, tumbo, kikohozi au udhaifu wa mwili. Wahudumu wa afya waliwatambua karibu theluthi moja tu.

Theluthi mbili zilizobaki zilirudi nyumbani na vidonge vya malaria, vya minyoo au vya maumivu. Mwezi uliofuata zilirudi tena kituoni. Hasara hiyo haikuwa ya mgonjwa peke yake: familia iliuza mbuzi kulipia dawa zisizohusika, na muuguzi aliyechoka akaanza kumwona mgonjwa kuwa ni mtu wa kujisingizia.

Hapa tena lugha ndiyo inayofungua mlango. Msemaji wa Kiswahili husema kichwa kinawaka moto, moyo unakwenda mbio, mwili hauna nguvu, usingizi umeruka. Juu ya yote husema ana mawazo. Na Lubumbashi husikika mtu akisema ana mawazo mingi. Neno hilo si fumbo. Kwa Washona wa Zimbabwe hali hiyo huitwa kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na huko Rwanda uchunguzi wa mwaka 1999 uliwakuta wenyeji wakiieleza huzuni nzito iliyofuata mauaji ya 1994 kwa jina la agahinda gakabije. Muuguzi anayesikia "mawazo" na kuandika "maumivu ya kichwa" hajatafsiri maneno ya mgonjwa. Ameyafuta.

Mwongozo ambao Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2010 kwa ajili ya wahudumu wasio mabingwa unafuata njia hiyo ya kuuliza. Haumtaki muuguzi awe daktari wa magonjwa ya akili. Unamtaka aulize mambo mawili ya msingi, nayo ni kama moyo umekuwa mzito karibu kila siku kwa muda wa majuma mawili au zaidi, na kama mambo yaliyompendeza mtu yamekoma kumpendeza. Kisha aulize habari za usingizi, chakula, nguvu, kujilaumu, uwezo wa kutuliza fikra, na kazi za kila siku. Tena aulize waziwazi kama mtu anawaza kujiua. Wengi wanaogopa kuliuliza hilo, wakidhani kwamba swali litampandikizia mtu wazo asilokuwa nalo. Uzoefu wa madaktari ni kinyume chake: mwenye wazo hilo hupata nafuu anapopewa ruhusa ya kulitamka.

6. Ulevi na madawa ya kulevya

Historia ya ulevi inafanana na ya huzuni, ila hapa badala ya kukataliwa ugonjwa uligeuzwa kuwa kosa. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliwekea mipaka uingizaji wa pombe kali katika Afrika kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, na mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa mwaka 1919 ukaendeleza kazi hiyo. Katika makoloni, swali la pombe lilikuwa swali la kibali, ushuru na polisi. Waliotengeneza lutuku huko Katanga, gongo huko Tanganyika au chang'aa huko Kenya walitafutwa na kufungwa. Aliyeshindwa kuacha kunywa hakuwa na mahali pa kwenda isipokuwa mahabusu au, akili zikimruka, nyumba ya vichaa.

Wazo kwamba mhudumu wa afya anaweza kumtambua mlevi kabla hajaharibikiwa lilipata chombo mwaka 1989, Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha ya maswali kumi kuhusu kiasi cha unywaji, kushindwa kujizuia na madhara yake. Kenya ilikuwa mojawapo ya nchi sita ambamo maswali hayo yalitayarishwa, pamoja na Australia, Bulgaria, Marekani, Meksiko na Norway. Kwa wengi wanaokunywa kwa kiasi cha hatari, mazungumzo mafupi yasiyo na matusi, yanayomsaidia mtu kujipangia lengo, hupunguza unywaji. Aliyekwisha kufungwa na pombe huhitaji zaidi, na inapasa ajulishwe kwamba kuacha ghafula bila uangalizi kwaweza kumletea kutetemeka, degedege na hata kifo.

Pwani ya Waswahili ilikumbwa na heroini kuanzia miaka ya 1980. Watumiaji waliunda msamiati wao: unga, kete, teja, na arosto, yaani yale mateso ya mwili anapoukosa unga. Neno arosto lilisemwa vijiweni Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa zamani kabla ya kliniki yoyote kulishughulikia jambo lenyewe. Raia walimwona teja kama mwizi. Arosto ilieleza kwa nini anaiba. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na mara hii maiti alikuwa amesema. Mwezi wa Februari 2011 hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni, dawa ya kunywa kila siku mbele ya muuguzi, ambayo huzuia arosto bila kumlewesha mtumiaji aliyezoea kipimo chake. Zanzibar ilifuata mwaka 2015. Nchini Kenya matibabu hayo yalianza Desemba 2014, na mahali palipochaguliwa ni Mathari. Hospitali ambayo kwa miaka mingi iliwapokea walioletwa na polisi ikawa mahali ambapo watu huja asubuhi kwa miguu yao wenyewe.

7. Kutibu bila mabingwa

Dawa zilisaidia kubadili mambo. Klorpromazini, iliyotumika Paris mwaka 1952, ilituliza wazimu mkali. Imipramini, ambayo Roland Kuhn wa Uswisi aliieleza mwaka 1957, ilikuwa miongoni mwa za kwanza kutambuliwa kuondoa sonona. Henri Collomb, aliyeongoza hospitali ya Fann huko Dakar tangu mwisho wa miaka ya 1950, aliyaunganisha matibabu ya hospitali na jamaa za mgonjwa na waganga wa jadi. Kinshasa ilipata kituo cha chuo kikuu cha magonjwa hayo mwaka 1973. Hata hivyo mabingwa walikuwa wachache mno kwa nchi kubwa kama Kongo, na vidonge peke yake havimtoshi aliyevunjwa na umaskini, ufiwa au vita.

Hatua iliyofuata ilitoka vijijini. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai, Uganda, watu wa kawaida waliofunzwa kwa majuma mawili waliongoza vikundi vya wagonjwa wa sonona kwa majuma 16, wakizungumza juu ya ufiwa, ugomvi na mabadiliko ya maisha. Mwishoni, asilimia 6.5 ya waliohudhuria walibaki na sonona, dhidi ya asilimia 54.7 ya wasiopata huduma hiyo. Huko Harare, Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na wanawake wazee 14 waliofunzwa kuketi na wagonjwa juu ya benchi nje ya kliniki ya Mbare na kuwasaidia kutatua tatizo mojamoja. Jaribio lao katika kliniki 24 lilichapishwa mwaka 2016, likaonyesha nafuu kubwa.

Kwa Kongo, jaribio lenye uzito lilifanyika Kivu ya Kusini na ya Kaskazini, na kuchapishwa mwaka 2013. Wanawake 405 waliopitia ukatili wa kijinsia walitibiwa na wasaidizi Wakongomani, katika lugha zao, Kiswahili kikiwamo. Katika vijiji fulani walikutana kwa vikundi na kufundishwa kuyachunguza mawazo yanayowatesa, hasa ya kujilaumu kwa yaliyowapata. Katika vingine walipewa msaada wa mtu mmojammoja. Miezi sita baada ya matibabu, asilimia 9 ya waliokuwa katika vikundi walikuwa bado na dalili za sonona au wasiwasi wa kiugonjwa, na asilimia 42 ya wale wengine. Wengi wa wanawake hao hawakujua kusoma, na vita vilikuwa havijawaacha.

8. Hitimisho

Historia hii haiwahukumu tu madaktari wa kale. Inaonyesha jinsi maarifa yanavyoweza kupotoshwa na mlango yanaoingilia. Carothers alikuwa na daftari, mizani na jarida la kumchapishia. Alichokosa ni mashaka juu ya wale ambao daftari lake halikuwafikia. Field, Lambo na Orley waliliondoa kosa hilo kwa kwenda hekaluni na kijijini na kuuliza upya. Watumiaji wa unga wa pwani walifanya zaidi: waliyataja mateso yao wenyewe, na kliniki ikaja baadaye.

Hapo ndipo elimu ya Kiswahili inapohusika moja kwa moja na afya ya watu. Orodha za maswali zinazotumika vituoni hutafsiriwa, na tafsiri mbovu huzaa daftari bovu. Swali linaloandikwa kwa neno la kamusi lisilosemwa Kalemie, Kindu au Bukavu litajibiwa "hapana" na mgonjwa ambaye angejibu "ndiyo" kwa neno la nyumbani kwake. Kukusanya namna ambavyo Wakongomani huutaja uzito wa moyo, kwa Kiswahili cha Katanga, cha Maniema na cha Kivu, na kuyakabidhi maneno hayo kwa wauguzi, ni kazi ambayo hospitali haiwezi kuifanya peke yake. Kila neno linalokosewa katika maswali hayo lina mtu nyuma yake, anayerudi nyumbani na vidonge vya minyoo.